Fanicha za maboksi katika nyumba za Lamu: maswali yenu

Maswali haya yamekuwa yakija moja moja kutoka Lamu na Malindi, na karibu yote yanaihusu IKEA, ile kampuni ya Uswidi inayouza fanicha zilizofungwa kwenye maboksi bapa ukaziunganishe mwenyewe nyumbani. Kenya haina duka. Lakini jamaa zetu walioko Dubai, Doha na Jeddah wanayo karibu, na picha zake zimejaa kwenye simu za kila anayejenga au anayeoa. Wapo wanaoipenda sana, na wapo walioapa kutoigusa tena. Nimechagua machache niyajibu pamoja.

Dada yangu yuko Dubai. Anataka kunitumia rafu ya vitabu ya Billy na kabati la nguo. Nikubali? (Mkomani, Lamu)

Kabati usikubali, mwanangu. Rafu ikubali ikiwa unacho chumba cha juu kilicho kikavu.

Billy ilibuniwa na Gillis Lundgren, ikaanza kuuzwa mwaka 1979, na mpaka leo inauzwa kwa sababu imefikiriwa vizuri: nyembamba, haili nafasi, na bei yake inabebeka. Mwili wake lakini ni chipbodi, yaani vipande na vumbi la mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi kisha vikavikwa ganda jembamba. Ganda likibaki zima, chipbodi hudumu miaka mingi. Likichubuka, hasa kwenye kingo za chini, unyevu unapenya na chipbodi inavimba. Ikishavimba hakuna msasa wala vanishi ya kuirudisha.

Sasa itazame nyumba yako. Kuta za Mkomani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zile za chini hunyonya maji kutoka ardhini. Masika ukiweka kiganja ukutani unausikia ubaridi wa maji. Hewa nayo ina chumvi, na chumvi inakula skrubu na bawaba. Kabati la nguo lenye mgongo wa ubao mwembamba, likiegemezwa ukuta wa namna hiyo, litaota ukungu, na kanzu na buibui zako zitanuka ukungu huo.

Kisha hesabu safari. Fanicha kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipandishiwa ushuru wa forodha hadi asilimia 35 mwezi Julai 2022, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Weka meli hadi Mombasa, lori hadi Mokowe, boti hadi kisiwani, halafu hamali au punda hadi mlangoni kwako. Ile bei iliyomfurahisha dada yako dukani itakuwa imekwisha njiani. Mwambie akutumie vitu vyepesi ambavyo kampuni hiyo inavifanya vizuri kweli: mapazia, taa, vyombo vya jikoni, na ile mifuko mikubwa ya buluu, ambayo kwa mtu anayepanda na kushuka boti ni msaada mkubwa.

Rafu ikija, isiguse ukuta. Iache nafasi ya kupitisha mkono, na chini uiinue juu ya vipande vya marumaru ili maji ya kudeki yasiifikie.

Mimi ni mwanafunzi wa biashara. Mbona wanaoisifu kampuni hii ndio hao hao wanaoilalamikia? (Malindi)

Kwa sababu kinachowafurahisha na kinachowaudhi vinatoka mahali pamoja.

Ingvar Kamprad aliianzisha mwaka 1943 akiwa na miaka 17, katika jimbo la Småland kusini mwa Uswidi. Alianza na bidhaa ndogo ndogo, fanicha zikafuata mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1950 Lundgren, huyo huyo wa Billy, alikuwa na meza isiyoingia kwenye gari, akaing'oa miguu. Hapo ndipo walipoona kwamba ukisafirisha meza nzima unalipia hewa iliyo chini yake. Tangu hapo kazi yao inaanza na bei: wanaamua kwanza kitu kiuzwe kwa kiasi gani, ndipo mbunifu anatafuta namna ya kukitengeneza kifikie bei hiyo. Na mteja anaingizwa kazini. Wewe ndiye unayetafuta boksi kwenye ghala, unayelibeba na unayekaza skrubu. Sehemu ya bei unailipa kwa jasho.

Jasho hilo linaleta mapenzi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu huthamini zaidi kitu walichokiunganisha kwa mikono yao, hata kikiwa boksi la kawaida tu la kuhifadhia vitu, mradi wamefanikiwa kukimaliza. Zingatia hilo la kumaliza. Aliyefika nyumbani usiku akakuta ubao mmoja umetobolewa vibaya hana mapenzi yoyote, na hasira yake ni kubwa kuliko ya aliyenunua kwa fundi, maana hapa hana mtu wa kumkabili.

Mimi na Kamprad tunakubaliana katika jambo moja kubwa: mtu wa kipato kidogo anastahili meza nzuri, iliyofikiriwa, asiambiwe kuwa uzuri ni wa matajiri. Hilo nalisema kwa moyo wote. Ninapoachana naye ni kwenye uhai wa kitu. Bei ikishuka sana, watu huzoea kutupa. Na sisi tunaishi kisiwani, kitu kikitupwa hakiendi mbali.

Nina watoto wadogo na meza ya droo ya boksi tuliyoletewa. Maagizo yanasema niifunge ukutani. Kuna haja? (Langoni, Lamu)

Ipo, baba, na ifanye kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu.

Mwezi Juni 2016 IKEA ilizirudisha, yaani iliwataka wateja wasizitumie mpaka zifungwe ukutani au wazirejeshe warudishiwe pesa, meza na kabati za droo zipatazo milioni 29 nchini Marekani, zikiwemo za jina la Malm, baada ya vifo vya watoto walioangukiwa. Mtoto huvuta droo ya chini, huikanyaga, huvuta ya juu, na uzito wote unakuja mbele. Jambo hili si la kampuni moja. Droo yoyote ndefu na nyepesi, hata ya fundi wetu, inaweza kuanguka hivyo.

Kwetu kuna tatizo la pili ambalo karatasi ya maagizo hailijui: ukuta wenyewe. Lipu ya chokaa ni laini, na plagi fupi ya plastiki iliyomo kwenye boksi itashika lipu tu, siku ikivutwa inatoka na lipu yake. Mwite fundi mwashi atoboe mpaka ndani ya jiwe lenyewe na atumie skrubu ndefu. Jiwe likiwa linamong'onyoka, azike kipande cha mbao ngumu kwa saruji, aache kikauke, ndipo afunge kwenye mbao hiyo. Vitu vizito viweke droo za chini. Juu yake usiweke televisheni wala kitu chochote cha kumtamanisha mtoto apande.

Tulihama nyumba, tukalifumua kabati na kuliunganisha tena. Sasa linayumba. (Malindi)

Tundu za skrubu zimelegea. Chipbodi haina nyuzi za mbao za kuishika skrubu mara ya pili kwa nguvu ile ile. Toa skrubu, jaza tundu kwa gundi ya mbao na vijiti vya kiberiti, acha siku nzima, kisha kaza taratibu kwa mkono bila mashine. Ule ubao mwembamba wa mgongo upigilie upya wote, kwani ndio unaolizuia kabati kwenda upande.

Mimi ni seremala. Vijana wananiletea picha kwenye simu, nikiwatajia bei wanasema boksi la Mombasa ni rahisi zaidi, wanaondoka. Kazi yetu inakufa? (Lamu)

Fundi, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kazi haifi. Inaumizwa, na anayeiumiza si boksi peke yake.

Bei ya mbao ilipanda tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, na hilo halikuwa mikononi mwako. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu. Mteja akienda kununua boksi anaiona bei imeandikwa, analipa, anaondoka nalo siku hiyo. Akija kwa fundi analipa nusu, anaambiwa Ijumaa, Ijumaa inapita, na kitu kikija mbao ilikuwa mbichi, baada ya miezi mlango wa kabati haufungi. Si mafundi wote. Wapo ambao kazi yao ningeiweka mbele ya kiwanda chochote. Lakini mteja aliyeumizwa na mmoja anawakimbia wote. Andika bei kwenye karatasi, andika aina ya mbao na tarehe, tia sahihi. Jambo hilo halina gharama na litakurudishia wateja.

Halafu shika yale ambayo boksi haliwezi. Vyumba vya mji wetu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazikuweza kuvuka upana mkubwa, mita tatu ni nyingi. Sofa iliyopimwa kwa sebule ya Ulaya ikikaa humo hakuna pa kupita. Wewe unakuja na futi yako, unapima ukuta, unapima kidaka, unatengeneza rafu inayoingia humo barabara. Mguu ukivunjika baada ya miaka kumi, uko mtaa wa pili.

Na fikra ya kuunganisha chumbani isituonekee ngeni. Kitanda cha kamba kinapandishwa ngazi zetu nyembamba vipande vipande: matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili. Ulimi unaingia kwenye tundu lake, kamba ikishawambwa inakaza kila kiungo. Ukihama unakifumua, na ukikisimamisha upya kina nguvu ile ile, kwa kuwa kilichokishika ni mbao kwa mbao. Yule kijana mwenye picha usimfukuze. Mwambie: umbo hili nimelielewa, nitakutengenezea la upana wa chumba chako, kwa mwarobaini uliokauka, lije vipande vinavyobebwa na punda mmoja, nilisimamishe mbele yako. Mwarobaini tunao tele pwani hii na mchwa hawaupendi. Kazi ya namna hiyo bei yake inaweza kuzidi ya boksi, na bado mteja mwenye akili ataichagua, ukimwonyesha kiungo na ukamweleza kwa nini hakitalegea.

Kuna nyumba ya wageni wanaohama, wanauza vitu vyao vya IKEA kwa bei ya chini. Nichague vipi? (Malindi)

Nenda mchana, na uinamie. Kagua kingo za chini na nyuma ya miguu: ganda likiwa limefura au limeachana na mbao, acha. Vuta kila droo hadi mwisho. Nusa ndani.

Meza ndogo za Lack inua kwa mkono mmoja kwanza. Wepesi huo unatokana na karatasi iliyopangwa ndani kama sega la nyuki, kwa hiyo ni nzuri kwa taa na kikombe, si kwa mtu kukalia, na ikitoboka haizibiki. Usinunue chipbodi iliyoharibika ukidhani utapata kuni. Gundi na ganda lake vikiungua vinatoa moshi mbaya kwa kifua, usiuingize jikoni kwako.

Vitu vya chuma vinafaa kama kutu haijaingia kwenye maungio. Na ukiona rafu za Ivar, hata ziwe chafu na zimekwaruzwa, zichukue bila kusita: zile ni mbao za msonobari, si chipbodi. Zisugue kwa msasa, zipake mafuta ya mbao pande zote, na skrubu zake zibadilishe kwa zile zisizoshika kutu wanazotumia wenye maboti.