Wodi ambayo kila mgonjwa anapumua mara 20

Nikiingia wodi nisiyoijua, kabla sijatazama sakafu wala sare za manesi, naomba chati za vipimo. Nikikuta wagonjwa 30 na wote wanapumua mara 20 kwa dakika, yule wa nimonia sawa na yule anayesubiri ruhusa ya kurudi nyumbani, najua hakuna aliyehesabu. Mtu kapita na kalamu tu. Presha unaiachia mashine, joto unaliachia kipimajoto, lakini pumzi inakutaka usimame kando ya kitanda dakika nzima ukitazama kifua kikipanda na kushuka. Dakika hiyo ndiyo inayokosekana.

Mimi mwenyewe nimeshaandika hizo 20. Miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali ya wilaya nilikopangiwa, zamu ya usiku tulikuwa wawili kwa wodi nzima ya wanawake. Mwenzangu akiitwa kusindikiza rufaa, nabaki peke yangu hadi asubuhi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kama mtu aliye msafi.

Wadogo zangu mnaotoka vyuoni huniuliza namna ya kuwa muuguzi bora, na naona mnasubiri nitaje wito. Wito ninao, ila haujawahi kunipunguzia hata kitanda kimoja. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na mtafiti wa uuguzi, Linda Aiken, uliohusu hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwenye mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe ulipanda kwa asilimia 7. Elimu nayo ilionekana: pale ambapo wauguzi wenye digrii walizidi kwa asilimia 10, uwezekano huo ulishuka kwa asilimia 7. Hiyo ni Ulaya. Hesabu ya wodi yako ifanye mwenyewe. Na yule mwenzenu anayerudi darasani akiwa na miaka 45 msimcheke.

Lakini si kila kitu ni uchache wetu. Kosa langu kubwa nililifanya mchana, siku ambayo wodi ilikuwa imetulia. Nilimchoma insulini mama mmoja, nikaanza kuelekea mezani kusaini, maana chati zote za dawa zilikaa kwenye meza ya manesi mwisho wa wodi. Kabla sijafika nikaitwa, dripu ya mtu imechomoka. Nikaenda. Nikaitwa tena kitanda kingine. Mwenzangu akaingia zamu, akakuta nafasi ya saini iko wazi, akamchoma mara ya pili. Baada ya muda binti wa yule mama akaja mbio: mama analowa jasho na anaongea maneno yasiyoeleweka. Tukapima sukari, imeshuka, tukamsukumia glukosi kwenye mshipa, fahamu zikamrudia. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Inchaji wetu, yaani msimamizi wa wodi, alikuwa mama wa makamo asiyepandisha sauti. Hakuniuliza kwa nini nimefanya vile. Aliniuliza, "Mwanangu, chati ilikuwa wapi?" Wiki ileile chati za dawa zikahamia miguuni pa vitanda, na ikawa marufuku kuondoka kitandani kabla hujasaini, hata mtu akikuita. Angenifokea mbele ya wenzangu, kosa lililofuata ningelificha, na wao wangejifunza kwangu namna ya kuficha. Ninyi mtakaopewa uinchaji, hilo mlishike.

Kingine cha kupigania ni makabidhiano ya zamu. Yafanyike kitandani, mgonjwa akisikia, siyo mezani huku mmoja ameshavaa mkoba begani. "Kitanda cha saba hana shida" siyo ripoti. Kama kitanda cha saba ni mama wa kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, niambie dozi ya mwisho alipata saa ngapi na inayofuata ni saa ngapi, pumzi ni ngapi (zikiwa chini ya 16 dozi hapewi), mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa, na goti linaruka ukiligonga. Kisha tumgonge goti tukiwa wote wawili. Inachukua dakika tatu, nne.

Ndugu wa mgonjwa tunawahitaji, tusidanganyane. Wao ndio wanaoogesha na kulisha. Wafundishe kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili, watafanya vizuri kuliko wewe. Ila usimwachie ndugu kazi ya kuangalia kama mtu anapumua sawasawa.

Wananchi wanalalamikia lugha yetu, na wana haki. Nilipoanza kujichunguza niligundua ulimi wangu unaharibika saa tisa usiku, kwenye zamu niliyoingia bila kula. Nikapatana na mwenzangu wa zamu: kila mmoja apate dakika 20 za kukaa na kula, mwingine akishika wodi. Hakuna mwongozo uliotuagiza. Siku ambazo niko peke yangu nalazimika kula nikiwa nimesimama, na siku hizo ulimi nauchunga zaidi.

Sasa turudi kwenye ile 20. Ukishindwa kupima, acha nafasi tupu. Halafu kwenye kitabu cha ripoti andika kwa tarakimu: wauguzi 2, wagonjwa 41, vipimo vya saa sita usiku havikuchukuliwa kuanzia kitanda cha 20. Utaogopa kwamba umejishtaki. Ukijaza namba za kubuni, anayesoma kitabu ataona wodi inayojitosheleza, na matroni hatakuwa na kitu cha kupeleka kwa mganga mfawidhi anapoomba watu. Sisi tuliandika hivyo miezi minane mfululizo. Tukaletewa nesi mmoja, binti mchapakazi kweli, na mwezi uliofuata akaenda likizo ya uzazi. Tukaendelea kuandika.