Fundi ameondoka, ScreenConnect imebaki: nisasishe au niiache?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nasimamia duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, tuna matawi Kahama na Bukoba, jumla kompyuta 11. Kijana aliyetuwekea mfumo wa mauzo alituwekea pia ScreenConnect kwenye kompyuta moja ya ofisini ili atuhudumie akiwa mbali. Mwishoni mwa 2023 alipata kazi Dar, akatuaga vizuri. Tangu hapo hakuna aliyeigusa, na inafanya kazi. Mpwa wangu anasema isasishwe haraka. Mhasibu anasema kinachofanya kazi kisiguswe, tutakwama mauzo. Nimsikilize nani? Na je, yule kijana bado anaweza kuingia?

Jibu

Dada, mpwa wako yuko sahihi, ingawa mhasibu naye hajakosea kabisa. Nianze na mpwa.

Programu hii si kama Excel. Anayeishika anazishika kompyuta zote 11 kwa mpigo: anaona skrini, anafungua mafaili, anaweka programu nyingine, na Windows haimuulizi kitu kwa sababu mlishampa ruhusa. Ndiyo maana wezi hawahangaiki na kompyuta mojamoja. Wanatafuta seva, na kwenu seva ni ile kompyuta ya ofisini.

Tarehe 19 Februari 2024 ConnectWise, kampuni ya Marekani inayoitengeneza ScreenConnect, ilitangaza kasoro mbili zilizokuwemo kwenye toleo la 23.9.7 na yote ya nyuma yake. Mojawapo, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-1709, ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Nikueleze ilivyo, maana ni ya aibu. Ukiweka ScreenConnect mara ya kwanza inakuletea ukurasa wa maandalizi, unatengeneza akaunti ya msimamizi na nenosiri lake. Ukishamaliza, ukurasa ule hautakiwi kufunguka tena. Ikagundulika kwamba mtu akiandika anwani ya ukurasa huo na kuongeza mkwaju (/) mmoja tu mwishoni, unafunguka kana kwamba programu imewekwa leo asubuhi. Anajitengenezea akaunti ya msimamizi, na watumiaji waliokuwepo wanafutika. Hapo hajabahatisha nenosiri wala hajatuma kirusi. Ndani ya siku chache mbinu hiyo ilikuwa imeshasambaa na watu wakaanza kuvamiwa. Waliokuwa wakitumia seva za kampuni yenyewe walirekebishiwa bila kunyanyua kidole. Wenye seva yao ofisini walitakiwa wajiwekee toleo la 23.9.8 wenyewe.

Kama hakuna aliyeigusa tangu mwishoni mwa 2023, basi sihitaji kuuliza toleo lenu. Kasoro mnayo. Na kwa kuwa Kahama na Bukoba wanaifikia, maana yake ruta yenu imeifungulia njia ya kutoka intaneti. Kwa hiyo swali la kwanza si kusasisha. Ni kama kuna mtu aliyekwisha kuingia. Kusasisha ni kubadilisha kitasa. Aliyejificha uvunguni habadilishiwi kitu.

Kwa hiyo leo, kabla ya jambo lolote, ingieni kwenye ruta. ScreenConnect kwa kawaida hutumia poti mbili, yaani milango ya mtandao yenye namba: 8040 ni ya ukurasa wa kuingilia msimamizi, 8041 ni ya kompyuta za matawi kuwasiliana na seva. Fungeni 8040 isifikike kutoka nje. Matawi hayatakatika, maana yanapita 8041. Msimamizi atakayetaka kuingia aketi hapo ofisini, au apite kwa VPN, njia ya faragha ya kuingilia mtandao wa ofisi. Watu wengi huacha zote mbili wazi kwa sababu siku ya kuweka ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Kisha angalieni ndani. Kwenye kompyuta hiyo fungua Program Files (x86), folda ya ScreenConnect, halafu App_Data. Kuna faili linaitwa User.xml. Lifungue kwa Notepad, usibadilishe hata herufi, usome majina tu. Ukikuta jina usilolijua, au ukakuta jina moja geni na la yule kijana halimo kabisa, umepata jibu. Angalia pia folda ya App_Extensions: mafaili yanayoishia na .aspx au .ashx yakiwa yamelala juu kabisa, nje ya folda ndogo za viongezi, hayana kazi nzuri hapo. Ukiona kimojawapo, chomoa waya wa mtandao, usifute kitu, na mtafute mtu wa usalama wa kompyuta. Akaunti za benki na za malipo ya simu zibadilishiwe nenosiri kupitia kifaa kingine, si hizo 11. Toeni taarifa pia TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA.

Na hata usipoona kitu, usijipongeze sana, maana mvamizi makini husafisha nyayo. Mimi ningezipitia kompyuta zote na kuorodhesha programu nyingine za kuingilia kwa mbali, AnyDesk hasa. Mwizi akishaingia kwa mlango mmoja hujiwekea wa pili. Januari 2023 CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu matapeli waliotumia AnyDesk na ScreenConnect halali kabisa kuwaibia watu. Programu ya kuzuia virusi huziacha zipite, kwani si virusi.

Sasa mhasibu. Hofu yake naijua kwa sababu nimeshaisababisha. Kuna mteja wangu mmoja nilimsasishia seva Jumamosi jioni nikiwa nyumbani, nikaiwasha upya kwa mbali, haikurudi. Ilikuwa imesimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri mtu abonyeze F1, kwa kuwa kibodi yake ilikuwa imechomolewa na mfagiaji. Hakukuwa na mtu ofisini. Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa juu ya bodaboda, foleni ya wateja ilikuwa imeshafika barabarani. Tangu siku hiyo sisasishi seva pasipo mtu mwenye ufunguo wa ofisi aliyekaa mbele yake.

Kwenu nasema Jumapili mchana. Simamisha huduma za ScreenConnect, nakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, chomoa diski hiyo uiweke kabatini. Ndipo usasishe. Toleo la kale sana halirukii la karibuni kwa hatua moja. Lina ngazi zake, na kampuni imezichapisha, zifuateni. Msiishie 23.9.8, kwani Aprili 2025 lilitoka toleo la 25.2.4 kuziba kasoro nyingine, CVE-2025-3935. Chukueni la karibuni kabisa. Huenda mkadaiwa ada ya leseni. Jumatatu asubuhi, kompyuta za Kahama na Bukoba zikishawashwa, sasisheni pia ile programu ndogo ya ScreenConnect iliyo ndani ya kila moja, mojamoja. Watu wengi husasisha seva wakasahau hizo.

Ukiniuliza mimi, lakini, nisingefika huko. Kompyuta 11 na hakuna fundi wa kudumu: ningeing'oa seva hiyo, nichukue huduma inayokaa kwenye seva za kampuni yenyewe, ConnectWise au nyingine, nimlipe mtu kwa mkataba, na kila akaunti iwe na uthibitishaji wa hatua mbili. Utalipa kila mwezi, ndiyo. Seva ya ofisini ina faida kwa mwenye mtu wa kuisomea matangazo ya usalama kila wiki. Januari 2025 SimpleHelp, programu nyingine ya aina hii, ilitoa marekebisho ya kasoro zake. Mwezi Juni mwaka huohuo CISA ilikuwa bado inaonya kwamba wavamizi wa kudai fidia wanaingia kwa wale ambao hawajayaweka. Marekebisho yalikuwepo kwa miezi mitano.

Pia muulize aliyewauzia mfumo wa mauzo anatumia nini kuwahudumia. Tarehe 2 Julai 2021, siku ya Ijumaa, REvil, genge la kudai fidia, lilipita kwenye Kaseya VSA, programu nyingine ya kuhudumia kompyuta kwa mbali, na Coop, mtandao wa maduka wa Sweden, ikalazimika kufunga maduka yapatayo 800 kwa kuwa mashine za malipo ziligoma. Coop wenyewe hawakuwa wateja wa Kaseya. Mtoa huduma wa mashine zao ndiye aliyeitegemea.

Kuhusu kijana wenu: ndiyo, bado anaweza kuingia, kama akaunti yake haijafutwa. Simshuku. Ila nenosiri lake likivuja huko aliko, kwenu ndiko kutakakoungua. Kabla hujamfuta, mpigie simu kwa heshima, umwombe nenosiri la ruta, ufunguo wa leseni na barua pepe aliyosajilia, maana huenda ni yeye tu anayevijua. Mkishavipata, futa akaunti yake simu ikiwa bado sikioni, umwambie umefanya hivyo, na nenosiri la ruta mlibadilishe siku hiyohiyo.