Simu yako inalala wapi?

Nilikuwa kiongozi wa vijana kanisani, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na mteja mwaminifu wa bando la usiku. Waliowahi kupanga chumba Dar es Salaam wananielewa. Intaneti ya bei chee, inaanza saa sita, majirani wamelala, feni inazunguka, uko peke yako. Nilijiambia nanunua ili nipakue mahubiri. Na kweli nilipakua, mawili matatu. Zilizofuata hapo ni video za ngono, na zaidi ya hapo sisimulii.

Jumapili natubu kwa machozi, Jumatatu nafunga, Alhamisi nimerudi palepale. Mara mbili niliwekewa mikono kwenye mkesha, pepo la uzinzi likaamriwa litoke. Maombi siyadharau hata kidogo. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza bando nanunua saa ngapi.

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa kanisa, dereva mstaafu. Nilimwendea kwa kisingizio cha kutaka ushauri wa uchumba, nikajikuta nimemwaga yote. Nikasubiri kukemewa. Akanywa chai yake taratibu, akasema, "Kijana wangu, simu yako inalala wapi?"

"Chini ya mto, mzee."

"Basi tuanzie hapo. Mambo ya pepo tutayaona baadaye."

Kisha akanipa Biblia nisome 2 Samweli 11. Sura hiyo nilishaifundisha, na kila mara nilikimbilia kwa Bathsheba, mke wa mtu, akioga hadi Daudi akamtamani. Akanirudisha mstari wa kwanza: ni majira ya wafalme kutoka kwenda vitani, Yoabu yuko huko na jeshi, Daudi kabaki Yerusalemu. Mstari wa pili unamkuta anainuka kitandani jioni. Jioni! Mfalme mzima.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa napigana saa saba usiku, mkono ukiwa tayari kwenye simu, wakati mchezo ulishaisha tangu saa kumi na mbili. Nilipofuatilia siku zangu za kuanguka, karibu zote zilianza na bosi kunidhalilisha mbele za watu, au nimetega mazoezi ya kwaya nikala peke yangu. Nilidhani tatizo ni tamaa. Kumbe mara nyingi ilikuwa hasira, na tamaa ikaja kuibembeleza.

Kwa hiyo kaka, kabla hujafunga siku tatu, jua saa yako. Bando la usiku achana nalo. Simu ilale jikoni. Na usiniambie unaihitaji kwa alamu, saa ya mezani pale Kariakoo haikufilisi. Tafuta pia mtu wa kumpigia, maana Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi sisi kwa sisi. Mimi ningekushauri awe mtu mzima kuliko wewe. Tulianzisha kikundi cha vijana wanne wa kuulizana hali, tukaishia kupeana pole kila wiki. Na mpigie kabla. Ukishaanguka, simu hiyo ni ya kutoa taarifa tu.

Kuna lile la "oa, utapona", na 1 Wakorintho 7:9, kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa, inasomwa kwa mbwembwe. Nilioa. Mwezi wa tano wa ndoa nilikuwa sebuleni saa nane usiku, sauti ya simu nimeizima. Kumwambia mke wangu kuligharimu siku tatu za kimya ndani ya nyumba, na sikuwa na haki ya kumharakisha asamehe. Siku hizi nywila ya simu anaijua yeye pia.

Sijafika. Jumatano iliyopita nilitoka kazini nimechafukwa, nikafika nyumbani nikakuta giza. Saa mbili kasoro nikampigia mzee. Hata salamu sikuimaliza.

"Mkeo kasafiri, siyo?" akasema. "Njoo ule huku. Kuna ugali na dagaa."