Mwaridi wa pinki usiotaka kudekezwa

Nina miwaridi miwili ya aina moja, niliipanda wiki moja, mmoja karibu na bomba na mwingine kule nyuma kwenye uzio ambako hata mpira wa maji haufiki. Siku ile ungeniuliza upi utanawiri ningekujibu bila kufikiria kwamba ni ule wa bombani, maana ndo niliokuwa naupitia asubuhi na jioni, ndo niliomwagilia kila siku, ndo niliorushia dawa kila nikiona jani limekaa vibaya. Ule wa uzioni niliumwagilia vizuri miezi ile ya mwanzo mpaka ukashika, afu mambo yakawa mengi nikauacha. Saivi wa uzioni unanifika kifuani, maua yanafuatana mpaka napata ya kugawa, na huu wa bombani ndo kwanza unarudi baada ya mimi kuacha kuusumbua.

Aina yenyewe inaitwa Carefree Beauty. Ni mwaridi wa kichaka, unajaa kuanzia chini, urefu mita 1.2 mpaka 1.5 na upana karibu hivohivo, sio ule wa fimbo ndefu yenye ua moja juu. Ua likiwa bado limefumba ni pinki iliyokoza kabisa, likifunguka linapauka kidogo na kuwa pinki ya kawaida yenye uchangamfu, petali kama 15 mpaka 20, na katikati unaona nyuzi za njano zenye chavua, nyuki wanazigombania toka jua linapochomoza. Ua moja linafika sentimita 10 hivi. Harufu ipo lakini ni ya upole, usitegemee ijaze nyumba.

Kuna sababu kwa nini mwaridi huu ni mgumu hivi, na nikiijua mapema ningepunguza makosa mengi. Aliyeuzalisha ni Dr. Griffith Buck, profesa wa Iowa State University kule Marekani, na ulianza kuuzwa 1977. Iowa baridi yake ni ya kuua mimea, na Buck miwaridi yake alikuwa haifuniki wakati wa barafu wala hairushii dawa za ukungu. Iliyokufa ikafa, iliyougua ikatolewa, iliyobaki ndo akaizalishia mingine. Yaani huu mmea umechaguliwa kwa kutelekezwa, afu mimi nauchukua naanza kuubembeleza kama mgonjwa. Na uvumilivu wake sio wa baridi tu, kule Texas ambako joto linachoma watu waliukuta umejistawia wakaupa jina la Katy Road Pink kabla ya kugundua kwamba ni huuhuu wa Buck, na Texas A&M (chuo kikuu cha hukohuko) wameuweka kwenye orodha yao ya Earth-Kind, miwaridi iliyojaribiwa ikaonekana inaenda vizuri bila dawa wala matunzo makubwa. Hata ile aina ya mwaridi inayoitwa Knock Out iliyotoka 2000 na kuenea kila mahali, aliyoizalisha William Radler, kwenye ukoo wake huu umo.

Sasa kabla hujanunua, nikwambie kilichonipata na mwaridi wangu wa kwanza kabisa, kabla ya hii miwili. Niliuziwa kama wa pinki na kweli misimu miwili ulitoa maua ya pinki. Ukapata msimu mbaya, juu kote kukakauka, nikaukata karibu na ardhi nikiomba uchipue, ukachipua kwa nguvu ajabu, matawi marefu ya kulala, nikafurahi sana, na ulivyokuja kutoa maua ni mekundu ya giza, ya saizi ndogo, yametoka mara moja kwa msimu basi. Nilidhani umegeuka. Kumbe ulikuwa umebebeshwa, yaani mwaridi wa pinki umeunganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine, na mizizi inayotumika sana Marekani inaitwa Dr. Huey ambayo maua yake ni mekundu iliyokoza hivohivo. Wa juu ulikufa, wa chini ukachukua nyumba.

Kwa hiyo uliza muuzaji swali moja tu, huu uko kwenye mizizi yake wenyewe au umebebeshwa? Na kama hajui, angalia mwenyewe pale shina linapokutana na mizizi, ukikuta nundu kama goti ujue umebebeshwa. Mwaridi wa kichaka kwenye mizizi yake wenyewe hata ukifa juu kote utachipua uleule. Kama tayari unao uliobebeshwa usiutupe, ila kila chipukizi linalotoka chini ya ile nundu lifukue mpaka linapoanzia ulinyofoe kwa mkono kuelekea chini, ukilikata na mkasi linarudi na wenzake.

Kupanda hakuna maajabu. Jua la moja kwa moja masaa 6 au zaidi, hapo usijidanganye, kivulini utaishi lakini utakuwa mrefu mwembamba na maua ya kuhesabu. Shimo upana sentimita 50 mpaka 60, udongo uliotoka changanya na mboji au samadi iliyooza vizuri (samadi mbichi inaunguza mizizi), na kabla ya kupanda jaza maji kwenye shimo uone yanachukua muda gani kuisha, yakisimama siku nzima tafuta sehemu nyingine au inua tuta, maana mizizi ya mwaridi inaoza kwenye maji yaliyotuama. Kama unataka wigo panda kila baada ya mita 1 hivi. Usibane zaidi ya hapo hata kama mwaka wa kwanza utaona kuna mapengo, yatajaa yenyewe.

Maji ndo palipo na habari yenyewe, ndo nilipouharibu ule wa bombani.

Nilikuwa namwagilia jioni, nikirudi, kwa mpira, nikiwa nimeziba mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yatoke kama mvua, nauogesha wote toka juu, napenda vile majani yanang'aa. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona madoa meusi. Ukiyatazama kwa karibu kingo zake hazijanyooka, zimesambaa kama wino uliodondokea kitambaa, afu jani linaanza kuwa njano kuzunguka doa, siku mbili tatu ukiligusa tu linabaki mkononi. Ugonjwa ulianzia chini ukapanda juu mpaka nikabaki na fimbo zenye maua kwenye ncha. Huo ni ukungu unaitwa Diplocarpon rosae, na ili mbegu zake ziingie kwenye jani zinahitaji jani liwe na unyevu mfululizo kama masaa 7. Masaa 7! Mimi nilikuwa naupa usiku mzima, kila siku, tena pembeni ya ukuta ambako upepo haupiti. Aina hii inavumilia madoa vizuri kuliko miwaridi mingi lakini hakuna mmea utakaoshinda malezi kama yale, na dawa niliyokuwa narusha ilikuwa inapambana na bomba langu.

Nilichobadilisha ni hiki. Maji asubuhi, chini kwenye udongo tu, kwa kopo au mpira ulioachwa utiririke taratibu, mara moja kwa wiki kama hakuna mvua lakini ya kutosha kweli, lita 15 mpaka 20 kwa mmea mkubwa ili yashuke chini mizizi iyafuate huko. Maji kidogo kidogo ya kila siku yanaifanya mizizi ikae juu juu, ikija siku umesafiri mmea unanyauka. Kipimo changu ni kidole, nachimbua sentimita 5, pakiwa na unyevu naondoka zangu. Majani yote yaliyoanguka nikayaokota moja moja nikayatoa kabisa bustanini, hayaendi kwenye mboji wala hayabaki pale, maana ukungu unajificha humo unasubiri. Afu nikaweka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 7 hivi, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina, ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani ya chini. Dawa niliacha kabisa. Ilichukua msimu mzima kuona tofauti kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa kwanza.

Mbolea ni hadithi ileile kwa ufupi. Nilikuwa naweka ya kukuzia kila mara, yenye naitrojeni nyingi, nikapata machipukizi manene laini ya kupendeza na vidukari wakayajaa mpaka shina halionekani. Wanapenda utomvu wa mmea uliolishwa sana. Saivi ni mboji au samadi iliyooza ndoo moja ndogo mwanzo wa msimu wa kukua, basi. Vidukari wakitokea nawapiga na maji ya nguvu asubuhi au nawafuta kwa vidole, na nikiona wale wadudu wadogo wekundu wenye vidoti vyeusi nawaacha wafanye kazi, wanawala vidukari mmoja baada ya mwingine. Kama uko sehemu yenye barafu, acha mbolea wiki 6 mpaka 8 kabla ya barafu ya kwanza, chipukizi changa litakufa.

Kupogoa watu wanaogopa sana na kwa mwaridi wa kichaka hakuna haja ya kuogopa. Miaka miwili ya mwanzo toa tu yaliyokufa na yanayosuguana. Baada ya hapo, mwisho wa msimu wa kupumzika, shusha kimo kwa theluthi moja na ukate shina moja au mawili yaliyozeeka kabisa, yale ya kahawia yenye magamba, mpaka chini. Usiukate ukabaki visiki vya sentimita 20 kama wanavyofanya ile miwaridi ya fimbo. Sehemu zisizo na baridi, ambako mmea haupumziki wenyewe, mimi napogoa kidogo baada ya wimbi la maua kuisha. Maua yaliyonyauka nayo yatoe, kata juu kidogo ya jani la kwanza lenye vijani vitano, baada ya wiki 5 au 6 unapata mengine. Na vaa glavu nzito, miiba ya huu sio mingi sana lakini ikiingia inauma siku tatu.

Kuongeza miche ndo ninachokipenda kuliko vyote. Chukua tawi ambalo ua lake ndo linaanza kupukutika, unene wa penseli, kata kipande cha sentimita 15 mpaka 20 chenye vifundo vinne, toa majani ya chini acha mawili ya juu. Chini kabisa kwaruza ganda upande mmoja kama sentimita 2 mpaka uone ile rangi ya kijani mbichi inayoteleza, hapo ndo mizizi hupenda kutokea. Chomeka vifundo viwili ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji, lowanisha, funika na chupa ya plastiki inayopitisha mwanga iliyokatwa kitako, weka penye mwanga lakini jua lisipige. Wiki 4 mpaka 8. Usivute kuangalia, nimeua vingi hivyo, vimizizi vya mwanzo ni vyeupe na vinakatika kama tambi zilizoiva. Subiri majani mapya, na hata yakitoka subiri wiki mbili zingine ndo uanze kuifungua chupa kidogo kidogo. Kwa mwaridi huu kila nikichomeka kumi napata sita au saba, na hataza yake (haki ya kisheria iliyozuia wengine kuuzalisha) ilishaisha muda zamani kwa hiyo zalisha ugawie watu kwa amani.

Matumizi sasa. Wigo kwanza, unafunga vizuri na unatoa maua bila wewe kufanya chochote. Maua ya ndani kata asubuhi mapema yakiwa nusu kufunguka, yatakaa siku tatu nne, sio zaidi, nasema ukweli, haya sio yale maua ya dukani. Petali nakausha kivulini juu ya kitambaa, zinabaki na pinki yake ukizitunza gizani, naweka kwenye chai. Maji ya waridi nimejaribu, yanatoka lakini ni hafifu, kwa hilo tafuta mwaridi wa damaski wenye harufu nzito, na hata huo kilo 1 tu ya mafuta yake inakula tani 3 mpaka 5 za petali.

Ila matunda! Ukiacha kutoa maua yaliyonyauka kuelekea mwisho wa msimu, unapata matunda ya rangi ya chungwa, makubwa, yana umbo kama la peasi. Pasua moja uone, ndani kuna mbegu ngumu zimezungukwa na vinyweleo vyeupe, hivyo vinyweleo vinawasha koo na tumbo vibaya, vitoe vyote kwa kijiko kisha suuza. Nyama iliyobaki nachemsha taratibu, nachuja mara mbili kwa kitambaa, naongeza sukari, ni chachu kidogo na ina vitamini C nyingi. Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, machungwa yalipoadimika, watoto walitumwa kuokota matunda ya miwaridi ya porini yakatengenezwa sirapu. Kama uliwahi kurushia dawa msimu huo, usile wala petali wala tunda.

Mbegu nazo sikutupa. Nilizifunga kwenye karatasi yenye unyevu nikaziweka kwenye friji karibu miezi mitatu, kati ya ishirini zikaota tatu. Mbegu haitoi mwaridi kama mama yake, kwa hiyo sijui zitakuwa rangi gani, moja imeweka kichipukizi cha ua wiki hii na ncha yake ni nyeupe.