Gari Linawaka Leo, Kesho Linakataa

*Fundi, habari. Gari langu huwaka vizuri siku tatu, ya nne nageuza ufunguo linalia "tak" moja kisha kimya. Nimenunua betri mpya, bado. – Dereva wa Kondele, Kisumu*

Pole sana ndugu yangu. Betri hiyo uliinunua kabla hujasikiliza gari. Siku likikataa tena, washa taa kubwa kisha geuza ufunguo. Likilia "tak-tak-tak" ya haraka na taa zikafifia, umeme hautoshi. Likilia "tak" moja nzito na taa zikabaki kali, umeme upo ila stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, haizunguki. Kwa gari lililotembea sana, mara nyingi ni zile shaba za ndani ya solenoidi, swichi inayopeleka umeme kwenye stata: zimelika, leo zinagusana, kesho hazigusani. Hubadilishwa peke yake. Usikubali kuuziwa stata nzima kabla hazijaangaliwa.

Hata hivyo, anza na terminali, vile vishikio vya waya juu ya betri. Niliwahi kuletewa gari hapa Nakuru lililobadilishiwa betri na stata, zote mbili. Terminali ilikuwa imekazwa, kwa nje inang'aa. Nilipoivua, ndani imejaa ukungu mweupe. Msasa, dakika kumi, gari likawaka. Nilimhurumia mwenyewe kwa pesa alizomwaga.

Kagua pia waya wa negativu unaoshika injini. Weka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo au viungo vyake vimeoza.

*Nafanya kazi Kisumu na gari halisumbui. Nikilala kwetu Timboroa, asubuhi stata inavuta kwa uchovu, siku nyingine inagoma kabisa. – Mwalimu*

Mwalimu, Timboroa iko juu ya mita 2,700, Kisumu mita 1,100 na kitu. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito, basi stata inabeba mzigo mara mbili. Lakini aliyeila betri yako ni joto la Kisumu. Baridi imemfichua tu. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 imejaa, 12.0 imekwisha. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.5 ni sawa kwa magari mengi. Ikibaki 12, tafuta fundi wa alternata, ile inayochaji betri, usinunue betri.

*Langu linazunguka vizuri lakini haliwaki likiwa moto. Nikingoja nusu saa, linawaka. – Kakamega*

Betri na stata ziache, hazina kosa. Fungua swichi bila kupiga stata, utege sikio kiti cha nyuma: pampu ya petroli hulia kama sekunde mbili. Ukiisikia, shuku sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka. Ikipata moto hukatika, ikipoa hurudi. Mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari aangalie mzunguko wa injini wakati unapiga stata, gari likiwa limekataa. Injini ikizunguka na mashine ionyeshe sifuri, umeipata.

*Otomatiki yangu haiwaki kwenye P mpaka nitingishe gia. – Bungoma*

Swichi ya gia imechoka au imehama mahali pake. Mpaka ufike kwa fundi, vuta hendibreki, kanyaga breki, weka N, uwashe hapo. Na tafadhali usiite vijana wakusukume. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.