Mwani, mifereji na ng'ombe wa jirani: jibu kwa mkuu aliyepata shamba Sutherland

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Umepata croft, yaani kishamba cha kupanga, karibu na Bettyhill, wilaya ya Sutherland, kule kaskazini mwa Uskoti. Unataka kujua ni vitu gani vinavyojiotea vinalika, kama ukiliacha shamba bila kuligusa litarudi kuwa pori lake la asili, na kama kuna hela humo. Mimi kwetu Jambiani, ila naishi upande wa Thurso, mashariki yako kidogo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyafanya na ninayoyaona. Kwa kifupi: anza na mwani, chaza na kombe waache kwanza, na shamba usiliache hivihivi.

Kwa nini mwani? Kwa sababu aina zinazookotwa kwa kawaida kwenye miamba ya huku hazina mwenzake wa kukuua ukikosea jina, tofauti na majani na uyoga. Unachotakiwa kujua ni maji, na hiyo elimu unayo tayari. Bamvua ni lilelile: mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanakupwa mbali, na mabamvua makubwa ya mwaka yanaangukia karibu na Machi na Septemba. Shuka saa moja kabla ya maji kutulia chini, uwe unarudi yanapoanza kujaa. Bahari ya huku haikupi onyo, na maji ni ya baridi ya kukukata pumzi. Usiende peke yako.

Wa kwanza kumtafuta ni yule wanaomwita dulse, jina la kitaalamu Palmaria palmata. Ni mwekundu wa kwenda zambarau, mwembamba, ukiuinua kwenye jua unaona mwanga unapita. Unaota chini kabisa kwenye mwamba au umejishika kwenye mabua ya mwani mkubwa. Mzuri ni wa majira ya kuchipua, ukiwa bado laini na haujashikwa na konokono wadogo. Kata kwa mkasi, kitako kibaki kwenye mwamba, na usinyoe sehemu moja yote: kata huku kidogo, sogea. Ukifika nyumbani suuza mchanga, anika juu ya hita. Utageuka karibu mweusi na kutoa unga mweupe wa chumvi juu yake. Hilo ni jambo la kawaida, si kuvu. Mimi naukaanga na kitunguu mpaka ukauke, halafu namwagia tui la kopo, tunakula na wali. Waskoti walioonja kwangu hawajalalamika.

Ile mikubwa mirefu ya kahawia, Laminaria, ikate jani tu. Inakua kutokea pale bua linapokutana na jani, kwa hiyo ukikata chini ya hapo umeiua. Na usiile kila siku, ina madini joto mengi mno. Mwenye tatizo la tezi ya shingo amuulize daktari kwanza. Halafu kuna Chondrus crispus, mfupi, uliojikunja. Ukiuchemsha na maziwa ukayachuja, yakipoa yanaganda. Kinachogandisha ni karajini, ndiyo hiyohiyo ambayo viwanda vinaifuata kwenye mwani wa kwetu tangu kilimo kianze Paje na Jambiani mwaka 1989. Mama zetu wameulima miaka yote ile bila kuutia chunguni, nami nimekuja kuula huku kwenye baridi.

Sasa chaza na kombe. Najua unawaona wamejaa miambani na mate yanakutoka. Kwanza kisheria kombe wale weusi na chaza wa asili huku Uskoti haki yake ni ya Taji, yaani ufalme wa Uingereza, hata kama wako mbele ya nyumba yako. Pili, na hili ndilo kubwa, maji yakipata joto vijimea vidogo vya baharini vinazaliana, vingine vina sumu inayokaa ndani ya nyama ya kombe na kupooza misuli ya mlaji mpaka ya kupumulia. Moto hauitoi. Sisi tuliosikia ya Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, watu tisa walipofariki kwa nyama ya kasa, hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba sumu ya baharini haijali umepika kiasi gani. Kombe nunua dukani, wale wamepimwa. Na ukija upande wangu ujue kwamba Dounreay, kituo cha zamani cha majaribio ya nyuklia magharibi mwa Thurso, kilivujisha chembe za mionzi baharini, na mwaka 1997 serikali ikapiga marufuku kuvuna vya baharini ndani ya kilomita 2 za bomba lake.

Majani ya nchi kavu nitakwenda haraka. Thabai, kama Wakikuyu wanavyoiita ile nettle inayowasha ukiigusa, imejaa kwenye kila kuta zilizobomoka. Vaa glavu, chuma ncha kabla haijatoa maua, pika kama mchicha. Kitunguu saumu pori utakinusa kabla hujakiona, lakini nusa jani mojamoja, maana yapo majani ya sumu yanayoota humohumo katikati. Pembeni ya bahari kuna Cochlearia, majani madogo manene makali kidogo, ambayo mabaharia wa zamani walikula kujikinga na kiseyeye. Na mizizi ya mmea uitwao Potentilla anserina ndiyo watu wa huku walikula kabla ya viazi kuingia, ila kung'oa mmea pori wowote bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya kulinda wanyama na mimea pori ya mwaka 1981. Kuchuma majani na matunda kwa matumizi yako haina shida.

La kukukataza kabisa ni chochote chenye sura ya kotmiri au karoti kando ya mtaro. Kuna mmea unaitwa hemlock water-dropwort, majani yake yanavutia hivyohivyo, mizizi yake minene myeupe, na kipande kidogo tu kinaleta degedege na kifo. Yuko ndugu yake wa halali wa kwenye miamba, Scots lovage, mtamu kwenye supu. Mwaka wa kwanza msahau. Subiri akuonyeshe mtu kwa kidole, kwenye mmea wenyewe, si kwenye picha ya simu. Uyoga nao vivyo hivyo. Na ukitoka vichakani jikague kupe mwili mzima, wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme.

Tuje kwenye shamba, maana hapa ndipo naona unaelekea pabaya. Umeandika "nitafunga geti, asili itajifanyia kazi". Croft ina masharti: uishi ndani ya kilomita 32, usiitelekeze, uilime au uitumie kwa jambo la maana. Kuhifadhi viumbe na mimea linaweza kukubalika, ila mwandikie mwenye ardhi na tume ya croft mapema, vinginevyo majirani watasema umelitupa.

Halafu sikia, hilo neno "pori" litumie kwa adabu. Bonde la Strathnaver, hapo nyuma yako, lilikuwa vijiji. Mwaka 1814 na 1819 watu walifukuzwa, nyumba zikachomwa, kondoo wakaingizwa, na wao wakasukumwa ukingoni mwa bahari. Bettyhill yenyewe ni makazi ya waliofukuzwa, na imebeba jina la Elizabeth, Countess wa Sutherland, ambaye ardhi ilikuwa yake. Walikula walichookota miambani kwa sababu hawakuwa na shamba la maana. Ulinzi wa kisheria wa wapangaji ulikuja 1886. Ukimwambia mzee wa hapo unataka kuirudisha ardhi "kabla ya watu", ataona kama vile Mmasai aliyehamishwa Serengeti 1959 angeona. Mwambie unataka ndege na nyuki warudi. Hilo atakusaidia.

Na kweli watarudi, lakini kwa kazi. Kwenye nyasi za mchangani karibu na bahari kuna ua dogo la zambarau lenye jicho la njano, Primula scotica, fupi kama kijiti cha kiberiti. Duniani kote linaota kaskazini mwa Uskoti tu. Ukifunga geti, nyasi ndefu zinalifunika, linakufa. Yuko pia nyuki bambi mkubwa wa njano, Bombus distinguendus, ambaye Uingereza nzima amebaki pwani hii na visiwani. Yeye anataka maua yasiliwe kiangazi. Wote wawili unawaridhisha kwa ng'ombe: waingie majira ya baridi wachunge nyasi zishuke, watoke Mei, wasirudi mpaka Septemba. Kondoo wanakata chini mno na wanachagua maua, ningewaepuka. Ng'ombe huna, jirani anao, na malisho ya bure ya baridi hakuna anayeyakataa.

Shemeji anataka kupanda miti. Kabla ya kununua miche, chomeka fimbo ya chuma ardhini sehemu mbalimbali. Ikizama zaidi ya sentimita 50 kwenye udongo mweusi wa kinamasi, hapo usipande. Mwongozo wa misitu wa Uingereza wenyewe unakataa. Udongo huo ni kuvumwani kilichojilimbikiza bila kuoza, kama milimita moja kwa mwaka, na umeshika kaboni. Miaka ya 1980 matajiri walipewa nafuu ya kodi wakachimba mifereji na kupanda misonobari ya Marekani juu yake, kinamasi kikakauka, ndege wakahama. Nafuu ikafutwa 1988. Tangu miaka ya 1990 shirika la ndege la RSPB limekuwa likiikata miti hiyo Forsinard na kuziba mifereji, na mwaka 2024 UNESCO ikaliandikisha eneo hilo, Flow Country, kuwa urithi wa dunia. Kwako wewe maana yake ni koleo: ziba mitaro ya zamani kwa madonge ya udongo huohuo, donge moja kila hatua chache, maji yasimame. Sehemu kavu ya mteremko ndiyo ya miti, ya huko huko, mbetula (birch) na mwilo (willow), tena ndani ya uzio mrefu, la sivyo kulungu watakula miche yote kabla ya Krismasi.

Hela? Kuvuna mwani kwa biashara kunataka leseni, na haki ya kutembea kwenye ardhi za watu, ile ya sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003, haikuruhusu kuchuma kwa ajili ya kuuza. Ruzuku za kilimo rafiki wa mazingira zipo ila fomu zake ni ndefu na malipo yanachelewa. Kazi yako ya mshahara usiiache.