Fundi akishika nyundo na beringi mpya ya guta, mzuie kwanza

Mkuu, kesho usiende gereji. Umeandika kwamba guta lako la mizigo linanguruma tairi la nyuma la kushoto, oili inachuruzika ndani ya rimu, na unataka kubadili beringi na sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke) pande zote mbili. Lakini kilichonishtua ni haya maneno yako: "fundi kasema atazigonga taratibu na nyundo, na sili za zamani bado zinafaa." Kwa maneno kama hayo hayo mimi nililipa beringi mbili, sili mbili na shafti moja nzima. Kwa hiyo naanza na nyundo.

Beringi ina pete mbili, ya ndani na ya nje, na katikati gololi zinazotembea kwenye mfereji. Gololi inagusa mfereji kwenye nukta ndogo mno. Pigo la nyundo likipitia hapo, nguvu yote inaishia kwenye nukta hizo, nazo zinaacha vishimo vilivyopangana kwa nafasi ile ile ya gololi. Kwa macho huvioni. Kwa mkono nako huenda usihisi kitu, kwa sababu grisi inaficha. Unafunga, guta linaondoka kimya, unamlipa fundi na kumshukuru. Baada ya safari kadhaa za mchanga ngurumo inarudi, na fundi huyo huyo anakwambia beringi za siku hizi ni feki. Beringi ilikuwa nzima, yeye ndiye aliyeiua mezani pake kabla haijazunguka hata mara moja.

Kanuni ni hii, mwambie hivyo hivyo: pete inayobana ndiyo inayosukumwa. Nguvu isipite kwenye gololi.

Kama beringi inaingia kwa kubana kwenye shafti, sukuma pete ya ndani tu. Tafuta kipande cha bomba ambacho tundu lake ni kubwa kidogo kuliko shafti, na ukingo wake unakaa juu ya pete ya ndani bila kugusa nje. Kama inaingia kwa kubana kwenye nyumba yake, iwe habu (kitovu cha tairi) au mdomo wa ekseli, sukuma pete ya nje tu. Hapo beringi ya zamani inafaa sana: isage kidogo upande wa nje kwa jiwe la grenda ili isije ikakwama, kisha iweke juu ya mpya na usukume. Zikibana pete zote mbili kwa pamoja, weka bamba bapa linalokaa juu ya pete zote. Presi, yaani mashine ya kushindilia, ndiyo bora, na karakana nyingi zenye mashine ya kuchonga vyuma zinayo. Bomba na nyundo vinakubalika kama presi haipo, mradi bomba limekaa kwenye pete sahihi. Tindo la kuzungusha huku na huku hapana, maana linaingiza beringi upande upande na kukwangua kiti chake, yaani pale inapokaa.

Kwenye kutoa, kanuni hiyo hiyo inakula upande wa pili. Ukiivuta beringi kutoka kwenye shafti kwa kushika pete ya nje, nguvu imepita kwenye gololi, kwa hiyo hiyo usiirudishe hata kama inazunguka vizuri. Kama guta lako ni la ekseli yenye hafu shafti (kila tairi na shafti yake) na kola, ile pete nzito iliyoshindiliwa nyuma ya beringi, kola hiyo haivutwi kwa mkono. Hukatwa nusu kwa grenda, kisha hupasuliwa kwa tindo. Angalia jiwe la grenda lisiguse shafti. Kola ya kurudishia iwe mpya.

Kuna wanaosema ichome na gesi ili iingie kirahisi. Joto ni msaada, moto wa moja kwa moja ni uharibifu. Pete ya milimita 35 ikiongezewa joto nyuzi 80 inapanuka karibu milimita 0.03, na hiyo mara nyingi inatosha iteleze yenyewe. Beringi ya wazi iweke kwenye sufuria ya oili, ining'inie kwenye waya isiguse chini, ifike kama nyuzi 100 za Selsiasi na isipite 120. Ukiona chuma kimegeuka buluu, ugumu wake umekwisha, itupe. Yenye kifuniko cha mpira usiitie kwenye oili ya moto kabisa, grisi yake itatoka. Hiyo ipeleke kwenye presi.

Sasa hili la pili linaniumiza zaidi, kwa sababu linakula shafti. Beringi iliyokufa inakwama, na ikikwama pete ya ndani inaanza kuzunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo. Kiti kinalika. Fundi anaweka beringi mpya, anaona inaingia kwa vidole, basi anachukua sentapanchi (chuma chenye ncha cha kutia alama) na kupiga nukta nukta kwenye shafti "ili ibane". Vile vinundu vinashika sehemu chache tu. Mzigo ukipanda mara mbili tatu vimelala, na pete inazunguka tena. Mwingine anaweka nukta za weldi. Joto la weldi linaipindisha shafti na kuidhoofisha pale pale inapobeba uzito wote. Kiti kikishalegea, dawa ni shafti nyingine, au fundi mchongaji ajaze kiti chote na kukichonga upya kwa kipimo. Na kama guta linapigwa weldi popote kwenye bodi, waya wa athi (ule wa kurudisha umeme kwenye mashine ya weldi) ushikishwe karibu kabisa na sehemu inayochomwa. Ukishikishwa upande wa pili wa tairi, umeme unapita kwenye gololi na kuunguza mifereji.

Shafti ikicheza, sili haiponi hata ikiwa mpya. Oili ya difu (ile giaboksi ya katikati ya ekseli) inaingia kwenye dramu ya breki, breki shuu zinalowa, na ukikanyaga breki guta linavuta upande mmoja. Shuu zilizolowa oili ya difu huwezi kuzisafisha kwa petroli ukaziamini na tofali mgongoni. Weka mpya. Hapo ndipo unapoona "sili za zamani bado zinafaa" inagharimu kiasi gani.

Dukani usiseme "nipe beringi ya nyuma ya guta". Muuzaji atakupa aliyonayo, na ekseli za maguta hazifanani. Soma namba iliyochongwa ubavuni. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu kwa milimita. Kwa mpangilio wa tundu, nje, unene: 6206 ni 30 kwa 62 kwa 16, 6207 ni 35 kwa 72 kwa 17, 6208 ni 40 kwa 80 kwa 18. Mtego upo kwenye 6307: tundu lile lile la 35, lakini nje ni 80 na unene 21. Haitaingia kamwe, na kuna mtu atajaribu kuilazimisha. Herufi pia zina kazi. 2RS ina mpira pande zote na grisi ndani, ZZ ina bati, na C3 maana yake nafasi ya ndani ni kubwa kuliko ya kawaida. Rudisha aina uliyoitoa. Sili iliyo kati ya difu na beringi inaifanya beringi iishi kwa grisi yake. Sili ikiwa nje ya beringi, oili ya difu ndiyo inayoilainisha.

Sili ina vipimo vitatu: shafti, nje, unene. Mdomo wenye kispringi uelekee kwenye oili. Upake oili kabla, kwa sababu mdomo mkavu unaungua mizunguko ya kwanza tu. Pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa zamani ulipokuwa unasugua. Ukucha ukinasa, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa hapo hapo itavuja. Ikiwa nyumba ina nafasi, ikalishe milimita 2 kando. Meno ya shafti yafunge kwa nailoni laini wakati wa kuipitisha, la sivyo yanachana mdomo na hutajua mpaka kesho yake.

Na kipumulio cha difu! Kile kitundu juu ya ekseli, kwenye maguta mengi kimezibwa na tope. Oili ikipata moto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili mpya. Kizibue kwa waya na upulize hewa kabla hujafunga chochote.

Weka jeki chini ya bomba la ekseli, stendi pande zote, mawe mbele na nyuma ya tairi la mbele. Ukimaliza, shika tairi juu na chini ulitikise: lisigonge. Lizungushe kwa mkono usikilize. Oili ya difu, aina ya 80W-90 au 85W-90, ijae mpaka ukingo wa tundu la kujazia, guta likiwa limesimama tambarare. Kaza nati za rimu tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni kushoto kweli. Tembea taratibu, kata kulia: uzito unahamia kushoto, na ngurumo ikiongezeka ni beringi ya kushoto. Ukishafungua, weka hapa namba ya beringi na vipimo vya sili, na picha ya shafti pale sili inaposugua. Usinunue kitu mpaka tuone hiyo shafti.